Mbona Mkunjo Unapasuka? Maswali ya Wanaotengeneza Kadi kwa Mikono

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaotengeneza kadi za salamu nyumbani watuletee maswali. Barua nyingi zilizokuja zinalalamikia karatasi, kwa hiyo tunaanza na hilo, tena kwa kirefu, maana asiyeijua karatasi atabaki kuwalaumu gundi, mkasi na muuza duka. Na wewe ambaye neno "kadi" likitajwa tu mkono unakwenda mfukoni, tulia: hizi si kadi za mchango wa harusi.

SWALI: Nimenunua manila nyekundu, shiti kubwa, nikaikata na kutengeneza kadi sita za Krismasi. Kila ninapokunja, mgongo wa kadi unapasuka na kutoa vinyuzi vyeupe. Nimejaribu kubana kwa ukucha, ndiyo kwanza inazidi. Mwenye duka kaniuzia manila mbovu? — Msomaji, Tanga

JIBU: Mwachie mwenye duka, dada. Manila yako ni nzima, ila umeikunja kinyume cha nyuzi zake.

Karatasi ni nyuzi za mmea zilizoelea kwenye maji, zikamwagwa juu ya wavu unaokimbia, kisha maji yakachujika. Kwa kuwa wavu unakimbia upande mmoja, nyuzi nyingi hulala zikifuata upande huo, kama majani makavu yaliyochukuliwa na mkondo wa mto. Ukikunja sambamba na nyuzi, mkunjo hupita kati yake na kulala laini. Ukikunja kwa kuzikata, kila uzi unavunjwa mgongo na rangi ya juu inaachia. Hivyo vyeupe ulivyoviona ni nyuzi zenyewe zimechomoza.

Kujua zimelala upande gani hakuhitaji kifaa. Chukua karatasi, ipinde bila kuibana, kama unayetaka kuviringisha mkeka, kwanza kwa urefu halafu kwa upana. Upande utakaopinda bila ubishi ndio mkunjo wako uende. Kama mkono hauhisi tofauti, kata vipande viwili vya sentimita 2 kwa 15, kimoja kwa urefu wa shiti na kingine kwa upana wake. Vishike pamoja kwenye ncha moja, viachie vining'inie. Kinacholegea zaidi ndicho kilichokatwa kwa kukatiza nyuzi. Kinachosimama kina nyuzi zinazokwenda na urefu wake. Weka alama ya penseli nyuma ya shiti lote kabla hujakata chochote, kwa sababu ukishakata vipande kumi vikachanganyika mezani, unaanza upya.

Karatasi ngumu za A4 zilizokatwa tayari kiwandani huwa hazisumbui sana. Nyingi nyuzi zake zinafuata ule upande mrefu wa milimita 297. Ukiigawa A4 katikati unapata vipande viwili vya milimita 148 kwa 210, na kila kimoja ukikikunja katikati unapata kadi ya 105 kwa 148, mkunjo ukiwa umekwenda na nyuzi bila wewe kujua. Shida huanza pale mtu anapokata mwenyewe kutoka shiti kubwa, akibana vipande vienee vingi, kimoja amekilaza na kingine amekisimamisha. Hicho ndicho kilichozipata kadi zako sita.

Jambo la pili ni kuchora mfereji kabla ya kukunja. Tandika magazeti mawili au matatu yawe godoro, weka rula ya chuma pale pa kukunjia, pitisha biro iliyokwisha wino mara tatu kwa mkono mwepesi. Usikandamize mara moja kwa nguvu, utakata. Upande uliopitisha biro utaona mfereji, na nyuma yake kijituta. Hapa wengi hukosea: huingiza mfereji ndani kwa kuwa karatasi inaonekana kama inaitikia huko. Fanya kinyume chake. Tuta likae ndani ya kadi, mfereji ubaki nje. Tuta hilo ni tabaka za karatasi zilizolegezwa, na likiwa ndani hujibana lenyewe na kuipunguzia ngozi ya nje mvuto. Maliza kwa mgongo wa kijiko badala ya ukucha, tena juu ya kipande cha karatasi safi ili kadi isipate mng'aro mahali uliposugua.

Na ukifika dukani uliza gramu, yaani uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80, haisimami kama kadi. Kati ya 200 na 250 ndipo penyewe. Ukipita 300, bila mfereji hakuna mkunjo utakaolala.

SWALI: Assalaam alaykum. Nabandika vipande vya kitenge kwenye kadi kwa gundi nyeupe ya maji. Jioni kadi iko sawa, asubuhi naikuta imepinda kama papadi. Nitumie gundi gani? — Baba wa watoto wawili, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam. Gundi hiyo hiyo, ila theluthi ya unayotumia sasa.

Gundi nyeupe ina maji mengi. Nyuzi za karatasi zikinywa maji hunenepa, na hunenepa kwa upana zaidi kuliko urefu. Upande uliopakwa unatanuka, wa nyuma haujui lolote, na gundi inapokauka huku inasinyaa, huuvuta upande wake uingie ndani. Ndiyo papadi yako.

Mimina tone kwenye kifuniko cha chupa, chukua kwa brashi ngumu au kipande cha sponji, sambaza kutoka katikati kwenda pembeni mpaka uone utando mwembamba badala ya weupe. Ipake kwenye karatasi; ukiipaka kwenye kitambaa itapenya na kuacha madoa upande wa mbele. Subiri mpaka ianze kunata kidoleni, laza kitenge, kisha funika kwa nailoni, juu yake weka vitabu vizito, na usivifungue mpaka kesho. Nailoni ndiyo inayozuia kadi isigandane na vitabu, na watu huisahau sana.

Kitambaa kinachochambuka kingoni kibandike kwanza kwenye karatasi ya fotokopi, kikikauka ndipo ukate umbo. Au mwombe fundi cherehani kipande cha kile kitambaa kigumu chenye gundi anachoweka kwenye kola. Unakipiga pasi nyuma ya kitenge na maji hayahusiki kabisa.

Zile zilizokwisha kupinda usizitupe. Ziweke kati ya karatasi mbili safi, pasi isiyo na mvuke, joto la hariri, sekunde kumi. Gundi italegea. Peleka mara moja chini ya vitabu zipoe zikiwa zimenyooka. Selotepu iepuke mahali panapoonekana, maana baada ya miaka michache hugeuka manjano. Na ile gundi kali ya kubandikia viatu na plastiki haifai: inapenya karatasi, inaacha doa gumu linalofanana na mafuta.

SWALI: Nafundisha darasa la tano, watoto 40. Huku kwetu migomba haina idadi, na nimeona kadi zenye picha za maganda ya mgomba zikiuzwa kwa watalii. Tulijaribu, maganda yakapasuka vipande vipande. Bajeti ya gundi hatuna. — Mwalimu, Bukoba

JIBU: Mwalimu, malighafi unayo mlangoni, na gundi utaipika.

Maganda yanayofaa ni yale yaliyokaukia kwenye shina. Yavue asubuhi umande ukiwa bado upo. Saa hizo ni malaini kama ngozi, mchana huvunjika kama kaukau. Chagua rangi: moja linaweza kuwa la manjano hafifu, jingine kahawia, jingine karibu na jeusi, na ukiwa na hizo tatu hutahitaji rangi ya dukani. Lenye vidoa vya ukungu liache shambani, litaambukiza mengine yote kwenye mfuko. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi, chana kufuata nyuzi, lainisha kwa pasi ya joto la wastani juu ya kitambaa.

Yalipasuka kwa sababu mlikata umbo moja kwa moja. Ganda lina nguvu upande mmoja tu. Libandike kwanza, zima kama lilivyo, kwenye karatasi ya daftari, liweke chini ya uzito siku moja, halafu watoto wachore nyuma ya karatasi na kukata kwa mkasi mkali. Karatasi inashika pale ambapo ganda lingeachia. Angalieni pia mistari imeelekea wapi: mtumbwi unapendeza mistari ikilala, shina la mti na gauni la mama mwenye mtungi yanataka mistari iliyosimama. Hapo picha inajichora nusu.

Gundi: vijiko viwili vya chakula vya wanga wa muhogo, vikoroge kwenye mililita 50 za maji baridi mpaka pasiwe na donge. Chemsha mililita 200, mimina humo wanga huku unakoroga bila kuacha. Ukigeuka kutoka weupe wa maziwa ukawa unapitisha mwanga, epua. Ukitia wanga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge ambayo hakuna mwiko utakaoyashinda. Kila mtoto kijiko kimoja cha chai kinatosha, kwa hiyo sufuria moja inawatosha 40. Haikai zaidi ya siku mbili, huchacha, na mende wanaipenda kuliko watoto wanavyopenda somo. Kwa kadi za 105 kwa 148, nunua karatasi ngumu za A4 zisizopungua 20, na uongeze tatu za kuharibu.

SWALI: Sijui kuchora hata kuku. Nataka kumtengenezea dada yangu kadi ya harusi. Kuna njia? — Msomaji, Unguja

JIBU: Ipo, tena iko kabatini kwako. Fungua kanga.

Kanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani yale maandishi, chini ya mji. Mpangilio huo umeshafanyiwa kazi na watu wengi kabla yako, huna haja ya kuubuni upya. Na tazama vipimo: kanga huwa na karibu sentimita 150 kwa 110. Kadi iliyokunjwa kutoka nusu ya A4 ni sentimita 14.8 kwa 10.5. Ni kama kanga iliyogawanywa kwa kumi. Ilaze kadi, mkunjo ukiwa juu, na umbo ni lile lile.

Kwa harusi chukua rangi za kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi, na nyeupe ya karatasi. Pima pindo la milimita 15 kila upande kwa penseli hafifu. Kata kiazi mbaratata katikati, kikaushe kwa kitambaa na kukiacha dakika kumi, kisha chonga muhuri wa korosho wenye upana wa milimita 14. Kiazi kisipokaushwa, maji yake yanaingia kwenye rangi na kingo zinakuwa kama zimelia. Rangi ya maji ya shule iwe nzito kama mtindi. Usichovye kiazi ndani yake. Ipake kwenye sponji, gusa sponji kwa kiazi, piga mihuri miwili ya kwanza kwenye gazeti, wa tatu ndio wa kadi.

Anza na pembe nne. Kisha upande mrefu unachukua mihuri minane na mfupi mitano, kila mmoja ukiacha upenyo wa kama milimita moja. Jumla ni 30. Anayeanzia kona moja na kutembea kuzunguka, akifika mwisho hubakiwa na nafasi ya nusu korosho, na nusu korosho kwenye pindo inaonekana kutoka mlangoni. Kiazi hicho ni cha siku moja. Kesho kitakuwa kimesinyaa.

Jina liandikwe kwa herufi kubwa zilizosimama, kama kwenye kanga yenyewe. Ili likae katikati usianzie kushoto ukitegemea bahati. Hesabu herufi na nafasi, kila moja ikiwa 1, ila I ni nusu na M ni moja na nusu. Chukua IDI MUBARAK: inatoka 10.5. Nusu yake ni 5.25, na ukihesabu kutoka mwanzo unaangukia ndani ya U, karibu na mguu wake wa kulia. Basi weka U hiyo kwenye mstari wa katikati ya kadi, andika kwenda kulia mpaka K, halafu rudi ukiandika kinyumenyume kwenda kushoto. Kwa penseli kwanza, wino baadaye, na kifutio baada ya wino kukauka kabisa.

Maneno chagua mwenyewe, ila ukiyatoa kwenye kanga yasome mara mbili. Majina mengine ya kanga ni vijembe, na kadi ya harusi ikifika kwa wifi ikiwa na kijembe, kanga nzima haitatosha kufunika aibu.

SWALI: Nataka kadi ambayo ukifungua picha inasimama. Yangu inasimama vizuri, lakini nikiifunga kichwa cha picha kinatokeza nje. — Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Ni hesabu ya kujumlisha tu. Kadi ikiwa imekunjwa, ulikata mistari miwili kuanzia kwenye mkunjo ili upate ngazi ya kubandikia picha. Tuseme kila mstari una sentimita 3. Kadi ikifungwa, mguu wa picha unalala sentimita 3 kutoka kwenye mkunjo, na picha inaendelea kutoka hapo. Kwa hiyo urefu wa mstari ukijumlisha na urefu wa picha lazima upungue urefu wa ukurasa. Ukurasa wa sentimita 10.5 ukitoa 3 unabaki na 7.5, picha iwe 7 isizidi. Bandika picha kwenye uso wa mbele wa ngazi peke yake. Tone la gundi likigusa ukurasa wa nyuma, kadi haitafunguka bila kuchanika.

Mistari ikikatwa kwa wembe mtupu hupinda, kwa kuwa wembe wenyewe ni mwepesi na unayumba. Tumia kisu cha karatasi chenye ncha ya kuvunja, pita mara tatu kwa wepesi, na vunja ncha mara tu unapoona karatasi inaanza kuvutika badala ya kukatika. Mwisho, bandika kadi yote ndani ya kadi nyingine kubwa kidogo ili matundu yasionekane nyuma.

SWALI: Maua gani yanakauka bila kupoteza rangi? Waridi na asumini zangu zimekuwa kahawia. — Msomaji, Arusha

JIBU: Bogenvilia. Kile kinachoitwa ua lake hasa ni majani yaliyovaa rangi, membamba na yenye maji kidogo, ndiyo maana hukauka haraka. Asumini na waridi zima zina maji mengi, huoza kabla ya kukauka; waridi ling'oe petali moja moja. Chuma saa nne hivi asubuhi, umande ukishaondoka. Laza ndani ya gazeti chini ya vitabu, badilisha gazeti kila siku kwa siku tatu za kwanza, kisha usiguse. Bogenvilia huchukua wiki, petali za waridi karibu mbili. Wakati wa masika ongeza siku. Rangi hupauka juani, kwa hiyo mwambie mpokeaji asiisimamishe dirishani.

SWALI: Nikiweka kadi kwenye bahasha na kuipeleka posta hapa Uingereza, wananitoza zaidi. Uzito ni mdogo. — Msomaji, Leicester

JIBU: Tatizo liko kwenye unene. Kwa Royal Mail, barua ya kawaida isizidi milimita 240 kwa 165, unene milimita 5 na uzito gramu 100. Kifungo, shanga kubwa au fundo la utepe linakuhamishia daraja la barua kubwa. Kata upenyo wa milimita 5 kwenye kipande cha boksi na upitishe bahasha kabla hujatoka nyumbani. Bahasha ya C6, milimita 114 kwa 162, inaichukua kadi ya 105 kwa 148 vizuri hata ikiwa imenenepa kidogo kwa kitambaa.

SWALI: Vimeremeta vinamwagika kila mahali. Nifanyeje? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Acha kuvitumia. Ukishindwa, vimwage kadi ikiwa ndani ya sinia, kung'uta, subiri masaa mawili, kung'uta tena, halafu paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu yake.

SWALI: Majirani wanataka kuninunulia. Nipange bei vipi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Tengeneza kadi kumi zinazofanana huku saa iko mezani. Jumlisha karatasi, gundi, bahasha na zile zilizoharibika, gawanya kwa kumi, kisha ongeza ujira wa dakika ulizotumia kwa kila moja. Kadi ya kiazi yenye mihuri 30 itakushangaza. Ndiyo maana wanaouza hupunguza pindo, wakapiga mihuri upande wa juu na wa chini tu.